Konokono wa mvua: tulinde mboga za ndani ya mabidoni

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki nyumbani, mvua ikianza tunapoteza mara mbili. Mashimo yanajaa maji, kazi inasimama, pesa haiingii. Wakati ule ule konokono wanatoka. Lengalenga, kabichi na nyanya tulizopanda ndani ya mabidoni yaliyokatwa na mabeseni mabovu, zile zingetulisha siku za bila kazi, wanazila usiku. Asubuhi tunakuta vijiti tu.

Tusimdharau juu ya udogo wake. Mwaka 1966 mtoto mmoja alitoka Hawaii na konokono 3 wakubwa wa Afrika, akawaingiza Miami, Marekani. Miaka 7 baadaye walikuwa wamepita 18,000. Kuwamaliza kulichukua karibu miaka 10 na dola zaidi ya milioni 1. Konokono huyo ni dume na jike pamoja, na anataga mayai kwa mamia.

Sisi hatuna milioni, lakini tuko na tochi za kichwani. Ile inayotumulikia shimoni itumulikie bustanini. Saa 2 ya usiku, mvua ikipungua, tuwaokote na kuwatia ndani ya ndoo ya maji na sabuni. Tuvae mfuko wa plastiki mkononi, kisha tunawe, maana konokono anaweza kubeba minyoo. Wale wa kichocho ni wengine, wanaishi majini.

Mchana anajificha. Kwa hiyo tuinue kila bidoni tuangalie chini yake, tuliweke juu ya mawe, tuondoe majani yaliyooza. Mayai yake ni madogo, ya duara, yamefukiwa ndani ya udongo. Tuyachimbue na kuyaponda. Tumwagilie asubuhi, si jioni, ili usiku udongo usiwe umelowa. Majivu makavu kuzunguka mmea yanasaidia, lakini mvua ikiyalowesha hayafanyi kitu, lazima kurudilia. Mabaki ya kasiksi ndani ya kisahani kilichofukiwa yanawavuta, wanazama humo.

Kuko mambo matatu ya kukataa. Kwanza, chumvi: inaua konokono, lakini inaharibu udongo, na ndani ya bidoni haina pa kwenda. Pili, vidonge vya sumu ya konokono: kuku na mbwa wanavila wanakufa, na mtoto anaweza kufikiri ni bonbo. Tatu, bidoni lililobeba merkiri au dawa yoyote ya kazini: tusipande chakula ndani yake hata kama tumeliosha mara kumi.

Nyumba moja ikiokota peke yake, wa jirani watahamia. Tufanye kama tunavyofanya shimoni: tupange zamu, kila usiku watu wawili kwa nyumba kumi. Chakula cha siku za mvua ni mshahara wetu pia, na tunaulinda pamoja.