Maumivu ya Kila Mwezi Bila Hedhi: Msichana Apelekwe Hospitali

Msichana wa miaka 14 anashikwa na maumivu ya tumbo la chini kwa siku chache, yanatulia, kisha mwezi unaofuata yanarudi. Matiti yameota, lakini hajawahi kuhitaji sodo. Nyumbani anapewa dawa ya maumivu ya dukani. Kwenye ploti za Rhonda siri haikai: tumbo likianza kuvimba, majirani wanaanza kuhesabu miezi.

Huenda hana mimba. Huenda hedhi ilianza kitambo, ila damu haina pa kutokea.

Wasichana wengine huzaliwa njia hiyo ikiwa imeziba. Mara nyingi kilichoziba ni kizinda, utando ulio mwanzoni mwa uke. Mara chache sana, tatizo ni mlango wa kizazi, sehemu nyembamba inayounganisha mji wa mimba na uke: haukuumbika kabisa, au uliumbika bila tundu. Hutokea mtoto akiwa bado tumboni. Si kurogwa, na mama asilaumiwe.

Damu iliyokosa njia hujaa ndani ya mji wa mimba. Nyingine hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi hadi tumboni, ambako inaweza kuacha makovu na kudhuru uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana kila mwezi unaopita una gharama.

Kizinda kilichoziba hufunguliwa kwa upasuaji mfupi. Wazazi wengine husita kwa kuhofia ubikira wa binti. Daktari anaweza kuandika barua kueleza kilichofanywa.

Mlango wa kizazi ni kazi nzito zaidi. Kwanza hupigwa picha ya ultrasaundi, na mara nyingi MRI. Figo pia huchunguzwa, kwa kuwa kasoro hizi wakati mwingine huandamana. Msichana anaweza kupewa dawa za kusimamisha hedhi wakati upasuaji unapangwa. Kisha daktari hutengeneza njia kutoka mji wa mimba hadi ukeni, na anaweza kuacha mpira mwembamba ndani ili isijifunge. Zamani wengi walitolewa kizazi, kwa sababu njia iliziba tena na maambukizi yaliweza kuua. Leo wapo waliopata hedhi ya kawaida baada ya upasuaji, na baadhi wamezaa. Hatari hizo hazijaisha, na kwa wengine kutoa kizazi bado ndiyo njia salama. Kwa hiyo mtu yeyote asikubaliwe kutoboa au kukata kabla ya picha.

Familia ya Rhonda ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kuomba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti, ambayo wengi bado huiita PGH. Ikihitajika, mgonjwa hutumwa hospitali za kitaifa kama Moi, Eldoret, au Kenyatta, Nairobi. Usajili wa SHA hufanywa kwa kupiga *147#, lakini ili SHA igharamie upasuaji lazima michango iwe imelipwa.

Mzazi aandike tarehe za maumivu na kwenda nazo. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi achunguzwe hata kama haumwi. Akishindwa kukojoa au akipata homa, apelekwe siku hiyo hiyo.