Orodha za Vyuo na Mishahara ya Waliojibu

Kila mwaka Marekani hutolewa orodha nyingi za kupanga vyuo kwa ubora, na siku hizi zinazowavuta wazazi ni zile zinazodai kuonyesha matokeo: mhitimu wa chuo hiki hulipwa kiasi gani, na wangapi walipata kazi. Ni swali la haki kabisa, maana ada ni kubwa na wengi husoma kwa mkopo watakaoulipa miaka na miaka. Tatizo ni kwamba majibu mengi hutoka kwa watu wanaojieleza wenyewe, bila mtu wa kuyahakiki. Wengi hudhani hatari iliyopo ni uongo. Mimi naona uongo ndiyo sehemu ndogo. Kubwa zaidi ni nani aliyejibu, nani aliyenyamaza, na nani aliamua kipi kihesabiwe.

Chukua ripoti ya mishahara ya wahitimu inayotolewa na kampuni ya PayScale. Takwimu zake hutoka kwa watu wanaoingia katika tovuti yake kutaka kujua kama wanalipwa inavyostahili. Wanajaza kazi yao, mshahara wao na chuo walichosoma. Asiye na kazi hana mshahara wa kulinganisha, kwa hiyo hana sababu ya kufika pale. Waliojiajiri hawahesabiwi. Katika orodha ya wenye shahada ya kwanza pekee, waliosonga mbele hadi udaktari au uanasheria huachwa nje. Harvey Mudd, chuo kidogo cha California chenye wanafunzi wapatao 900, kimeshika nafasi za juu kabisa mara nyingi, nacho hufundisha zaidi sayansi na uhandisi. Huenda kila mshahara uliotajwa ni wa kweli, lakini tunachokiona hapo kwa sehemu kubwa ni malipo ya wahandisi. Chuo kinachotoa walimu na maofisa wa ustawi wa jamii kitabaki chini hata kama ufundishaji wake hauna mfano.

Watetezi husema majibu yakiwa mengi, makosa hufutana. Ni kweli kwa makosa yanayokwenda pande zote: huyu akizidisha kidogo, yule akipunguza, wastani hautikisiki sana. Lakini kosa linaloegemea upande mmoja haliponi kwa wingi. Ukiwahoji watu milioni moja wenye kazi, bado hujasikia lolote kuhusu waliokosa kazi.

Hali huwa nzito zaidi pale anayejieleza ni chuo chenyewe, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa miaka mingi vyuo vya sheria vya Marekani vilitangaza kwamba karibu wahitimu wote walikuwa na ajira miezi tisa baada ya kumaliza. Aliyehudumu mgahawani alihesabiwa, na wa kibarua cha muda pia, hata aliyelipwa na chuo chenyewe kwa kazi ya miezi michache. Hakuna aliyehitaji kubuni tarakimu. Neno "ajira" lilitosha kuficha kila kitu. Baada ya malalamiko na kesi za wahitimu waliolemewa na madeni, chama cha wanasheria cha nchi hiyo, ABA, kilivitaka vyuo vitenganishe kazi za kudumu na za muda, na zinazohitaji leseni ya uwakili na zisizoihitaji. Picha ikabadilika mara moja.

Wapo pia waliobuni. Moshe Porat, aliyekuwa mkuu wa skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Temple, alipatikana na hatia mwaka 2021 kwa kupeleka takwimu za uongo kwa U.S. News, mchapishaji wa orodha za kupanga vyuo, akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, alikagua takwimu za chuo chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kimeshika nafasi ya pili nchini katika orodha ya U.S. News. Chuo kilikuwa kimedai kwamba asilimia 82.5 ya madarasa yana wanafunzi chini ya 20. Kilipohesabu upya kikatoa asilimia 57, nacho kikashuka hadi nafasi ya 18. Takwimu hizo hazikuhusu mishahara, ila zinaonyesha jambo zito: U.S. News haikuligundua kosa. Aliyeligundua ni mtu mmoja mwenye ujasiri na subira ya kulinganisha nyaraka.

Njia bora ipo. Tangu mwaka 2015 serikali ya Marekani huonyesha katika tovuti ya College Scorecard mapato ya wahitimu yanayotokana na kumbukumbu za kodi, si kumbukumbu ya mtu kichwani. Wakosoaji husema nayo ina pengo, kwa kuwa huhesabu waliopata misaada au mikopo ya serikali kuu tu. Ni kweli, lakini pengo hilo linajulikana tangu mwanzo na chuo hakiwezi kulipanua wala kulifunika. Kwa kijana wa Dodoma au Kisumu anayetaka kusoma huko, pengo hilo lina uzito wake: wanafunzi wanaokwenda kwa viza ya masomo hawastahili misaada hiyo, hivyo mapato yao hayamo. Yeye inambidi akiandikie chuo kuuliza ni wahitimu wangapi wa kigeni walioulizwa habari zao, wangapi walijibu, na ni kazi ya namna gani inayohesabiwa kuwa ajira.