Nilidhani naujenga mwili, kumbe naubomoa!

Msomaji wangu, ukinikuta pale Sinza kwenye kibanda cha wakala, nimekaa natoa na kuweka pesa za watu, huwezi kudhani kwamba mwaka jana nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya mazoezi. Ndiyo, mazoezi! Si pombe, si wanaume, si umbea. Mazoezi haya haya tunayoambiwa kila siku kwamba ni afya. Kaa vizuri nikupe mkasa, maana najua walio kwenye mkumbo huu ni wengi.

Ilianza Januari. Shosti wangu alitangaza sendofu, kamati ikachagua sare ya kitenge, nikaenda kwa fundi kupimwa. Fundi akazungusha futi kiunoni, akaangalia, akazungusha tena. "Dada, umejazia," akasema huku anacheka. Wee! Neno hilo lilinichoma. Kesho yake nikajiandikisha jimu.

Kocha wetu ni kijana mwenye kifua kama mlango wa stoo. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu: MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME. Na kweli tuliinama! Tulichuchumaa, tulipiga pushapu, tuliruka kamba, tulijitupa chini na kuinuka kama watu wanaokwepa risasi. Sekunde 20 unafanya kwa nguvu zako zote, sekunde 10 unahema, unaanza tena. Dakika 45, kuanzia saa 11 alfajiri, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili ambayo wenzangu wanalala, mimi nilikuwa na klabu ya joging ya mtaani, kilomita 10 hadi Coco Beach huku tunaimba.

Wiki mbili za kwanza, acha kabisa! Nilijisikia mwepesi kama unyoya. Nikawa natembea kwa maringo mtaani, nikawa nawacheka wanaopanda bajaji kwenda sokoni.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kibanda nafungua saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa tatu usiku. Nikifika chumbani nafua, napika, naandika makala zangu, nalala saa sita. Saa kumi na nusu kengele ya simu inalia. Piga hesabu mwenyewe: saa nne na nusu za usingizi. Hapo hapo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, laki tatu, kwa mkupuo. Mdogo wangu yuko sekondari, kila wiki mchango. Mama yuko kijijini, kila akipiga simu mguu unamsumbua. Na mimi, kwa akili zangu, nikakata ugali. Asubuhi chai ya rangi, mchana matango, usiku kachumbari na yai moja.

Wiki ya sita mambo yakaanza kugeuka. Usiku niko hoi, lakini nikilala macho kodo, moyo unadunda kama ngoma ya mdundiko. Asubuhi miguu mizito. Pushapu 20 nilizokuwa napiga huku nacheka zikawa 11. Kocha akasema nimelegea, niongeze bidii. Nikaongeza! Mafua yakaja, yakaondoka, yakarudi. Hasira nazo usiseme. Mchumba wangu aliniuliza tu, "Umekula?" nikamfokea mpaka majirani wakatoka nje.

Halafu likaja kubwa. Siku zangu hazikuonekana. Mwezi wa kwanza nikajifanya sioni. Mwezi wa pili roho ikanidunda: mimba! Nikanunua kipimo duka la dawa, mstari mmoja. Nikanunua kingine, mstari mmoja. Sasa kama si mimba ni nini? Nimerogwa? Sikumwambia mtu. Nikaendelea na jimu, mawazo yakiwa yameongezeka mzigo mwingine juu ya yale ya kodi.

Sitaisahau Ijumaa ile. Mteja mmoja, baba wa makamo, alikuja kuweka shilingi 250,000. Akanitajia namba, nikaandika. Jina likatokea kwenye simu. Kazi yangu ni kulisoma jina kwa sauti, mteja akubali, ndipo niweke namba ya siri. Miaka mitatu nimefanya hivyo bila kosa. Siku hiyo niliangalia lile jina kama mtu anayeangalia ukuta, nikabonyeza. Baba wa watu akasubiri ujumbe. Kimya. Kumbe nimekosea tarakimu moja! Nikapiga ile namba, ikapokelewa, ikakatwa, ikazimwa. Pesa ikawa imekwenda.

Bosi wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema, "Binti, mteja atapewa pesa yake, na wewe nitakukata elfu hamsini kila mwezi kwa miezi mitano. Ukirudia, nitafute mtu mwingine." Nililia ndani ya kibanda huku nimeshusha pazia.

Jioni ile aliyeniokoa ni jirani yangu, dada mmoja muuguzi. Alinikuta nimekaa kizingitini, viatu vya mazoezi vimelowa machozi. Nikamweleza yote, mpaka ya siku zangu. Akaniuliza maswali matatu tu: unakula nini, unalala saa ngapi, na una mawazo gani? Nilipomaliza kujibu akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, wewe ni wakala," akasema. "Floti ikiisha unafanyaje?"

"Natafuta pesa niongeze, dada, au nafunga."

"Basi mwili wako floti imeisha tangu mwezi uliopita, na wewe unaendelea kuhudumia wateja."

Akanifundisha jambo ambalo sikufundishwa jimu. Unapokimbia kwa nguvu zote, mwili unamwaga homoni za hatari, adrenalini na kotisoli. Kotisoli inatoka kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo. Mwenye nyumba akigonga mlango, tezi ni zile zile na homoni ni zile zile. Mwili hauna mfuko wa mazoezi na mfuko mwingine wa kodi ya nyumba. Mfuko ni mmoja! Mazoezi makali yanachota humo, usingizi wa kukatika unachota humo, simu ya mama inachota humo. Kinachorudisha ni chakula, usingizi na mapumziko. Misuli yenyewe haijengeki wakati unanyanyua chuma. Pale inachokozwa tu, inajengwa baadaye ukiwa umekula na umelala.

Na zile siku zilizopotea? Mwili ukiona chakula hakitoshi na kazi imezidi, unafunga shughuli zinazoweza kusubiri. Uzazi ni mojawapo. Akaniambia msichana asiye mjamzito akikosa siku zake miezi mitatu mfululizo, aende hospitali achunguzwe, asikae akisingizia wachawi. Mimi akanipeleka mwenyewe zahanati kesho yake nikapimwa, nikaambiwa nipunguze mazoezi na nile.

Kwa ubishi wangu nikaanza kusoma. Kumbe zile sekunde 20 kwa 10 zina mwenyewe. Ni Profesa Izumi Tabata wa Japani, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 1996. Unajua zinachukua muda gani kwa jumla? Kama dakika nne! Kocha wetu kazifanya 45. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mimi jimu peke yake nilikuwa nafikisha 270 za makali, bado Jumapili!

Utasema, mbona wanariadha wanazidisha? Ni kweli, lakini ile ndiyo kazi yao. Akimaliza mbio za asubuhi anakula na mchana analala, hakai kwenye kibanda kuhesabu noti. Na wao pia wanajipima. Alphonce Simbu wetu alishika nafasi ya pili Boston Aprili 2025, kisha akatwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 15 mwaka huo huo. Kati ya Boston na Tokyo kuna karibu miezi mitano. Hakuna kocha mwenye akili anayempa mtu wake marathoni kila Jumapili.

Leo ratiba yangu iko hivi. Mazoezi makali ni Jumanne na Ijumaa tu, dakika 25 pamoja na kupasha mwili moto. Siku nyingine mbili au tatu natembea haraka kutoka kazini mpaka nyumbani, mwendo ambao naweza kuongea na mwenzangu lakini kuimba siwezi. Jumapili moja joging, moja kitandani. Usingizi saa saba, hata kama vyombo vitalala vichafu. Ugali umerudi, na maharage, dagaa, mayai, ndizi na karanga za kutafuna kibandani.

Kila asubuhi kabla sijainuka naweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kawaida yangu ni 64. Nikikuta yamepanda sana siku mbili tatu mfululizo, na mwili mzito, jimu siendi. Na wiki ya kodi, sikiliza vizuri, mazoezi makali nayafuta kabisa. Natembea tu. Wiki hiyo mwenye nyumba ananitosha kwa mazoezi!

Jambo moja usicheze nalo. Baada ya mazoezi makali ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai nzito na misuli imevimba kwa maumivu, usinywe dawa za kubahatisha, kimbia hospitali. Hiyo ni misuli inayovunjika na kuingia kwenye damu, na figo zinaweza kuharibika. Vivyo hivyo ukibanwa kifua au ukizimia.

Deni la bosi nimelimaliza. Siku zangu zilirudi mwezi wa tatu tangu nipunguze mazoezi, na sijawahi kuzifurahia hivyo maishani. Mchumba nimemwomba radhi, naye kaniambia siku hizi hata salamu zangu zimenona.

Na ile sare ya sendofu? Nilikwenda kwa fundi, nikamwambia alegeze mshono sentimita tatu. Akalegeza dakika kumi, akanitoza elfu mbili. Elfu mbili, msomaji wangu! Nilikuwa nimezunguka kote kule kwa jambo la elfu mbili. Nilicheza mpaka viatu nikavua.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi ukingo nimeuona. Wewe uliyelala saa nne na nusu, una deni, hujala, na unafunga kamba za raba muda huu, hebu zifungue ulale kidogo. Jimu haihami. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.