Ngoma ni Zako, Ujuzi Wake ni wa Jamii

Ukimtembelea mpigaji isukuti wa siku nyingi kule Shinyalu au Ikolomani, huenda akakuonyesha hazina yake: ngoma tatu, njuga za chuma na pembe ya swara. Vyombo hivyo ni mali yake binafsi. Hata hivyo, ujuzi wa kuvitengeneza na kuvipiga ni urithi wa jamii za Waisukha na Waidakho.

Kwa nini ngoma tatu?

Isukuti haikamiliki kwa ngoma moja. Kuna kubwa, ya wastani na ndogo, na kila moja ina mpigaji wake. Mdundo tunaousikia harusini, matangani na kwenye sherehe za umma hutokana na sauti hizo tatu kuitikiana. Mzee akifariki na warithi wakagawana ngoma moja moja, kila mmoja atabaki na ngoma, lakini isukuti itakuwa imevunjika.

Hatari hii si ya kudhaniwa tu. Mwaka wa 2014, UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Wajuzi wengi ni wazee, na vijana wa kuwarithi ni wachache.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka wa 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili turathi za aina hii. Usajili hauchukui ngoma yako. Unaweka kumbukumbu kuwa ujuzi huu ni wa jamii fulani, ili anayetaka kuutumia kibiashara aombe idhini na jamii ipate haki yake.

Mwenye ngoma afanye nini?

• Andika aliyeichonga kila ngoma, aina ya mti na ngozi, na nafasi yake kati ya zile tatu.
• Rekodi kwa simu midundo na nyimbo zake, ukitaja hafla inayohusika na kila wimbo.
• Hifadhi ngoma mahali pakavu penye hewa. Unyevu hulegeza ngozi, na jua kali huipasua.
• Ngoma nyingi za isukuti huwambwa kwa ngozi ya kenge. Kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki au kuuza ngozi yake bila kibali. Tafuta ushauri wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kuwamba upya au kuuza.
• Amua mapema, mbele ya familia, ni nani atakayezirithi zote tatu pamoja.

Kwa maelezo zaidi, fika katika afisi ya utamaduni ya kaunti au umwone msimamizi wa wadi yako. Nenda na orodha ya vyombo vyako na, ikiwezekana, kijana mmoja unayemfundisha kupiga.