Liulize Daftari Kabla ya Kuliandikia

Usiku wa tarehe 25 Februari, 1991, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki liliangukia bweni la askari wa Marekani huko Dhahran, Saudia, likawaua askari 28. Mahali hapo palikuwa pakilindwa na mitambo ya Patriot, ambayo kazi yake ilikuwa kuyatungua makombora ya namna hiyo. Mtambo ulikuwa umewashwa na kikosi kilikuwa kazini, lakini Scud ile haikurushiwa hata kombora moja la kuizuia.

Sababu ilikuwa kasoro ndogo katika programu ya kompyuta iliyouongoza mtambo. Saa yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na katika kugeuza hesabu hiyo kulibaki upungufu mdogo mno usioonekana kwa urahisi. Mtambo ulipokwisha kukesha zaidi ya saa 100 bila kuzimwa, upungufu huo ulikuwa umefikia theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo mfupi Scud huenda zaidi ya nusu kilometa. Hivyo basi mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo.

Lililo chungu zaidi ni kwamba kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana. Waisraeli walikuwa wametoa habari zake tarehe 11 Februari, na programu iliyosahihishwa ilikuwa tayari tarehe 16. Tarehe 21 vikosi vilitumiwa ujumbe wa kuvionya kwamba mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana utaanza kukosea. Lakini ujumbe haukutaja muda mrefu sana ni saa ngapi. Je, ni saa 8? Ni saa 20? Au ni saa 100? Kila mkuu wa kikosi aliachiwa akadirie mwenyewe. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya maafa.

KITABU CHA MATUKIO CHA MAFUNDI

Ndugu askari, uwe wa jeshi au wa polisi, kisa hiki chakuhusu. Taarifa isiyotumia maneno yaliyokubaliwa ni nusu ya taarifa. Ndiyo maana askari wa zamu kituoni haandiki katika kitabu cha matukio kwamba mtu fulani alifanya jambo baya wakati wa jioni. Huandika tarehe, saa, mahali, na kosa kwa jina linalotambuliwa na sheria. Wizi una jina lake na unyang'anyi una jina lake, na atakayeyachanganya majina hayo ataiona kesi yake ikiyumba mahakamani.

Mafundi wa kompyuta nao wana kitabu chao cha matukio, ambamo huandikwa kasoro za programu. Mojawapo ya madaftari hayo lililo mashuhuri ni Bugzilla, lililoanzishwa mwaka 1998 na Terry Weissman kwa ajili ya mradi wa Mozilla, ambao baadaye ulitoa programu ya kusomea intaneti iitwayo Firefox. Kila kasoro hupewa namba yake na fomu yake. Katika fomu hiyo mna nafasi za kujaza: bidhaa iliyoharibika, sehemu ya bidhaa, toleo lake, uzito wa kasoro, hali iliyofikiwa, na namna shauri lilivyomalizwa.

Nafasi nyingine ni huru, kama ile ya muhtasari, na mwandishi huandika atakavyo. Nyingine zimefungwa, hazipokei ila maneno yaliyomo katika orodha. Kwa desturi, nafasi ya uzito wa kasoro katika Bugzilla hupokea maneno saba: blocker, critical, major, normal, minor, trivial na enhancement. Atakayeandika urgent, akitaka kusema kwamba jambo ni la haraka, atakataliwa hata kama nia yake ni njema, kwa kuwa neno hilo halimo.

Mtu anayejaza fomu kwa mkono wake hana taabu, maana orodha hufunguka mbele ya macho yake naye akachagua. Taabu ni ya programu inayoandika taarifa kwa niaba ya watu, kwa mfano ile inayopima mitambo usiku kucha na kuandikisha kila kasoro inayoiona. Programu haina macho ya kuiona fomu. Yenyewe hupitia mlango wa pembeni ambao mafundi huuita API, yaani mahali ambapo programu moja huzungumza na nyingine kwa utaratibu uliopangwa. Sasa programu hiyo itayajuaje maneno yanayokubaliwa?

HATARI YA KUKARIRI

Mafundi wengi huikaririsha programu yao. Huisoma orodha mara moja, wakaiandika ndani ya programu, kisha wakaisahau. Askari anafahamu ubaya wa mwenendo huu. Neno la siri la jana halimfikishi mtu popote leo. Atakayelitamka mbele ya mlinzi wa lango atajikuta ameelekezewa mtutu.

Hayo ndiyo yaliyotukia katika Bugzilla mwaka 1998 ulipokwisha kuwa mbali. Kwa miaka mingi kasoro mpya iliyothibitishwa iliitwa NEW, iliyopewa fundi iliitwa ASSIGNED, na iliyofunguliwa upya iliitwa REOPENED. Mwaka 2011 lilitoka toleo la 4.0, na madaftari yaliyoanzishwa upya kwa toleo hilo yakaacha maneno hayo. Badala yake yalikuja CONFIRMED, kwa maana ya iliyothibitishwa, na IN_PROGRESS, kwa maana ya inayoshughulikiwa. Madaftari ya zamani yaliachiwa hiari ya kubaki na maneno yao, na daftari la Mozilla wenyewe liliendelea na NEW na ASSIGNED. Tangu hapo Bugzilla moja husema hivi na ya pili husema vile, na kila moja ina haki yake.

Programu iliyokariri maneno ya zamani ikipeleka taarifa katika daftari jipya itakataliwa, na hilo si baya sana, kwa sababu kukataliwa kuna kelele. Baya zaidi ni kosa la kimya. Tuseme programu imeagizwa kuhesabu kasoro ambazo hazijatengenezwa, nayo haijui kwamba kasoro iko wazi ila ikiona moja ya maneno yale matatu. Itapita juu ya kila CONFIRMED na kila IN_PROGRESS bila kuihesabu, kisha asubuhi itamwambia mkuu kwamba yote ni salama. Mkuu atatia sahihi, na kasoro zitabaki mahali pake.

NAMNA YA KUULIZA

Dawa ni kuliuliza daftari lenyewe. Tangu toleo la 3.6 la mwaka 2010, Bugzilla ina ombi liitwalo Bug.fields kwa kazi hiyo. Toleo la 5.0 la mwaka 2015 lilirahisisha zaidi: programu hupeleka ombi la kusoma kwenye anwani ya daftari, ikiongeza mwishoni /rest/field/bug, nayo hujibiwa kwa orodha ya nafasi zote. Ikitaka nafasi moja tu, huongeza jina lake, kwa mfano /rest/field/bug/bug_status.

Jibu linalorudi lina mambo mengi ya maana. Husema kama nafasi ni lazima ijazwe au la. Hutaja aina ya nafasi kwa namba: 1 ni maandishi huru, 2 ni kuchagua neno moja, 3 ni kuchagua maneno kadhaa. Kisha hufuata maneno halali yenyewe. Kwa nafasi ya hali, kila neno huja na alama iitwayo is_open, inayosema kama kasoro yenye hali hiyo ingali wazi. Programu inayosoma alama hii haina haja ya kukariri neno lolote, na hesabu ya asubuhi haitakosea hata maneno yakibadilishwa.

Pamoja na hayo, mwulizaji aangalie mitego mitatu. Kwanza, maneno mengine hutegemea bidhaa. Toleo halali la bidhaa moja si halali kwa nyingine, kama vile bunduki mbili zisivyotumia risasi moja. Kwa hiyo swali la toleo au la sehemu lazima litaje bidhaa. Pili, neno kuwa halali hakumaanishi kwamba kasoro yaweza kuhamia huko kutoka popote. Kila hali huja na orodha iitwayo can_change_to, inayoonyesha hali zinazoweza kuifuata, kama askari asivyoruka kutoka ukoplo hadi ukapteni kwa siku moja. Tatu, majina ya nafasi hutofautiana. Katika kuuliza, nafasi ya hali huitwa bug_status, lakini katika kupeleka taarifa huitwa status. Wengi wamepoteza saa nzima hapo.

Je, yafaa kuuliza kila dakika? La. Hiyo ni kuisumbua mashine bure. Programu iulize inapoanza kazi, iitunze orodha kwa muda wa zamu yake, na iulize tena mara inapokataliwa.

NENO HALALI NA NENO LA KWELI

Hata hivyo daftari haliwezi kila kitu. Neno FIXED, maana yake imetengenezwa, ni halali, lakini daftari halijui kama fundi aliyeliandika ametengeneza kweli. Uaminifu hubaki kwa mwandishi, sawasawa na ulivyo kwa askari anayeandika katika kitabu cha matukio. Linaloweza kufanywa na nafasi iliyofungwa ni kumzuia mwandishi asijifiche nyuma ya maneno yasiyopimika. Laiti ujumbe wa tarehe 21 Februari, 1991, ungeandikwa katika fomu inayodai idadi ya saa, maneno muda mrefu sana yangekataliwa, na mwandishi angelazimika kutafuta namba. Baadaye wakaguzi wa serikali ya Marekani waliikadiria namba hiyo: baada ya saa 20 hivi za kukesha, mtambo ulikuwa hauwezi tena kulifuata kombora. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umezipita saa hizo mara tano.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayepokea zamu na aulize neno la siri la leo, na anayepeleka taarifa aulize maneno yanayokubaliwa na daftari la leo. Swali hilo huchukua kitambo kidogo tu, na kwa walinzi wa Dhahran lingalikuwa moja: muda mrefu sana ni saa ngapi?