Je, Kuna Dawa ya Kulinda Ubongo?

Katika kiharusi, yaani kupooza kwa ghafula, mara nyingi mshipa wa damu umezibika kichwani. Hapo seli za ubongo karibu milioni 2 hufa kila dakika.

Wataalamu walitengeneza dawa ya kuzikinga, iitwayo nerinetaidi. Ni peptidi, maana yake kipande kidogo sana cha protini. Katika mwaka 2020 walitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa 1,105. Kwa jumla, waliopewa dawa hiyo hawakupona kuliko wasiopewa.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuuzia hapa Goma sindano ya kulinda ubongo, usimpe fedha yako. Kinga ya kweli ni hii:

Pima presha ya damu, hata kama huumwi. Ikiwa juu, meza dawa uliyoandikiwa kila siku. Usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Punguza chumvi. Acha tumbako.

Mdomo wa mtu ukipinda, mkono ukilegea, au maneno yakimpotea ghafula, usingoje asubuhi. Usimpe chakula wala kinywaji, asije akapaliwa. Angalia saa ugonjwa ulipoanza, maana mganga ataiuliza. Awe Himbi au Ndosho, mpeleke hospitali mara moja.