Goti Halisomi Kalenda

Ukitoka Mchafukoge, ukavuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, haikuchukui muda kufika makao ya Simba Mtaa wa Msimbazi. Ukisogea hadi Jangwani, uko kwa Yanga. Kwa hiyo mchezaji akiumia, vijiwe vya huku huwa vimeshatoa ripoti ya daktari kabla klabu haijatoa taarifa. Swali huwa lilelile, anarudi lini? Na jibu hutajwa kwa miezi: sita, minane, mpaka msimu ujao. Sisi wa fiziotherapia tunaulizwa hivyo kila siku, na ukweli ni kwamba miezi peke yake haituambii mguu umefika wapi.

Nianze na mfupa, kwa kuwa ndio unaotisha kwa macho. Julai 2021 basi la timu ya Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi, na mshambuliaji wao Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Mfupa wa muundi ukivunjika vibaya, daktari anaweza kupitisha chuma ndani ya mfupa wenyewe au kuushikilia kwa vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliwahi kuzishindanisha njia hizo kwa wagonjwa 240 waliovunjika muundi na kubaki na kidonda wazi. Matokeo yalitoka 2020. Baada ya mwaka mmoja, vifo na upasuaji wa kurudia havikutofautiana kiasi cha kusema njia moja imeishinda nyingine. Jambo la kutia moyo ni kwamba mfupa ukiunga vizuri, pengo huzibwa na mfupa halisi, si kovu. Kinachomchelewesha mchezaji ni nyama zilizonywea wakati mguu umelala.

Goti ni habari nyingine kabisa.

Novemba 2021 Yacouba Songne, mshambuliaji wa Yanga kutoka Burkina Faso, aliumia goti katika mechi ya ligi dhidi ya Ruvu Shooting. Msimu wake ukaishia hapo, Yanga ikachukua ubingwa bila yeye, na mwanzoni mwa 2023 alikuwa ameshahamia Ihefu. Mashabiki wengi wanapokumbuka majeraha ya goti hutafuta beki wa kumlaumu. Lakini jeraha linaloogopwa kuliko yote, kuchanika kwa kano ya mbele iliyo katikati ya goti, ile ACL ya magazetini, mara nyingi hutokea bila kuguswa na mtu: mchezaji anatua vibaya baada ya kuruka, au anageuka ghafla huku unyayo umeganda chini.

Kano hiyo huzuia muundi usiteleze kwenda mbele. Ikikatika yote, mara nyingi haiungi yenyewe, hivyo daktari hukata kipande cha kano kutoka chini ya pia ya goti au nyuma ya paja na kukipandikiza mahali pake. Hapa ndipo penye mtego. Kipande hicho kimeng'olewa kwenye damu yake. Katika wiki za kwanza chembe zake nyingi hufa, kisha mishipa midogo ya damu huanza kupenya na mwili kukijenga upya. Maana yake ni kwamba hulegea kwanza kabla ya kukaza, na mara nyingi udhaifu huo huangukia karibu na mwezi wa pili au wa tatu. Wakati huohuo uvimbe umeisha, magongo yamewekwa pembeni, mchezaji anajisikia mzima, na video za mazoezi zinaanza kurushwa Instagram. Mimi video hizo hunitia wasiwasi kuliko picha ya mtu aliye kitandani.

Utafiti uliofanyika Norway na Marekani na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliovuta subira, hadi kufikia mwezi wa tisa, uwezekano wa kuumia goti tena ulipungua kwa karibu nusu. Takwimu za klabu kubwa za Ulaya mwaka huohuo zilisema jambo ambalo vijiweni hatulizungumzi: zaidi ya wachezaji tisa kati ya kumi walirudi uwanjani ndani ya mwaka, ila miaka mitatu baadaye ni kama wawili tu kati ya watatu waliokuwa bado wanacheza kiwango kilekile cha juu. Kurudi kumbe ni rahisi kuliko kubaki.

Tatizo kubwa ni msuli wa mbele ya paja. Goti likijaa maji, mfumo wa fahamu huuzima msuli huo, na hata maji yakikauka hauamki kwa siku moja. Ndiyo maana tunapima: nguvu ya mguu uliopasuliwa ifike angalau asilimia 90 ya mguu wa pili, na aruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana. Kipimo hiki nacho kina udanganyifu wake. Mtu aliyekaa miezi nje hulegea miguu yote miwili, kwa hiyo anaweza kufikisha 90 kwa kujilinganisha na mguu wa pili ambao nao umelegea. Klabu makini huwa na vipimo vya mchezaji tangu akiwa mzima, kabla msimu haujaanza.

Hofu nayo haionekani kwenye mashine. Mchezaji anaweza kupita vipimo vyote, halafu kwenye mechi akafika kwenye mpira wa hamsini kwa hamsini na kurudisha mguu. Shomari Kapombe wa Simba aliumia vibaya enka Novemba 2018 akiwa kambini na Taifa Stars Afrika Kusini. Baadaye alirudi na kupanda na kushuka pembeni kwa misimu mingi. Kwa beki wa kulia, hayo ni maelfu ya mara za kuiamini enka ileile.

Hayo ni ya wenye daktari wa timu. Kijana wa ndondo za mtaani anayecheza Kidongo Chekundu akisikia goti limelia "ta!" hukandwa maji ya moto jioni hiyohiyo na kuchuliwa hadi alie. Kwa jeraha bichi, joto na kuchua huongeza uvimbe. Saa 48 za mwanzo zinataka barafu iliyofungwa kitambaa, bandeji, mguu uinuliwe, na goti likivimba ndani ya saa chache aende hospitali, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni damu. Akishapasuliwa, kazi ya kwanza ni kulinyoosha goti hadi mwisho; lisiponyooka mapema, atachechemea muda mrefu. Gym si lazima. Mtaalamu wake akisharuhusu, kiti na ngazi vinatosha kuanzia, na maghorofa ya Mchafukoge yana ngazi za kumwaga: wiki za mwanzo apande tu, kushuka kuje baadaye, maana kushuka ndiko kunakolikamua paja zaidi.